Hotpoti Saba za Bodi ya Usafi wa Historia

Kina mama wa Gitothua na Mwihoko, na nyinyi wa Thika mnaodhani mambo haya ni ya watu wa Ruiru peke yao, natangaza ya kwamba historia mbaya ya mkopo inasafishika. Mimi mwenyewe nimesafishwa. Kazi hiyo ilichukua siku mia moja na ishirini na nane, kuku saba, unga wa chapati bale moja na nusu, na hotpoti saba za chama. Wanaosema Bodi ya Usafi wa Historia za Mikopo haifanyi kazi ni watu ambao hawajawahi kuipikia.

Naandika ili mwingine asiingie mahali nimeingia. Kwa hivyo nitaenda pole pole, na anayejua tayari anivumilie.

Nyumba yetu iko Gitothua, nyuma ya kanisa la mabati ya kijani. Mimi na Barasa, baba Mitchell, tulianza na chumba kimoja tulipotoka Webuye. Tukaongeza kingine, na kingine, halafu tukapeleka hati ya shamba kwa kampuni inayoitwa Jiwe la Pembeni Mikopo ili tujenge vyumba vinne vya kupangisha. Riba ilianza ndogo kama mtoto mchanga. Kufika mwaka wa tatu ilikuwa inakula kuliko sisi wote. Kiwanda anachofanya Barasa huko Thika kikapunguza zamu, tukarudi nyuma miezi minne, na tarehe ishirini Januari ikaja notisi: siku tisini za kulipa, arobaini za kungoja, halafu mnada. Nilihesabu kwa kalenda ya kanisa. Iliangukia Ijumaa, tarehe thelathini Mei.

Nilienda Paa Moja Sako, chama cha akiba na mikopo hapo Ruiru mjini, na huko wakaniambia maneno mazuri. Wangelipa deni lote la Jiwe la Pembeni, hati ihamie kwao, na sisi tulipe kwao nusu ya ile tulikuwa tunalipa kila mwezi. Watu wanahamisha mkopo wa nyumba hivyo kila siku. Msichana wa kaunta akabonyeza kompyuta, akanitazama kwa huruma.

"Mama, uko na historia."

"Ya nini?"

"Mbaya."

Historia yenyewe ilikuwa ya shilingi mia nane. Zilikopwa kwa simu, kwa laini yangu, miaka miwili imepita, saa tisa ya mchana siku ya Jumapili. Saa tisa ya mchana Jumapili mimi huwa kwenye mkutano wa kina mama kanisani, na simu huwa na Mitchell, binti yetu. Nikampigia huko Kahawa Wendani, kwa hosteli ya wanafunzi.

"Mum, ilikuwa soo nane tu!"

"Ulinunua nini?"

"Nilisukwa. Si ulisema nikienda campus nikae kama mtu?"

"Na kwa nini hukulipa?"

"Nilidhani inajilipa. Aki mum, pole. Sasa niwaambie ni mimi?"

Nilimwambia akae huko asome, nikalipa hiyo pesa siku hiyo hiyo. Ilikuwa imekua ikafika elfu mbili mia tatu na hamsini. Nikachukua risiti nikaenda Thika kwa Bodi, kwa sababu Paa Moja walitaka barua yao ya kusema niko safi.

Bodi iko orofa ya tatu, juu ya duka la dawa za ng'ombe, kwa hivyo mtu hufika mbele ya meza akinuka kama ametoka kwa dipu. Mlangoni wameandika kwa herufi za dhahabu: HATUSAHAU. Afisa wa ukaguzi anaitwa Bwana Nzioki, mtu mpole, shati limepigwa pasi mpaka kwa kola. Niliweka risiti mbele yake.

"Deni limeisha," nikasema.

"Deni limeisha, ndiyo. Historia ndiyo imebaki. Deni ni jambo la pesa, mama. Historia ni jambo la tabia."

"Na tabia inalipwa wapi?"

"Hailipwi. Inakaguliwa."

Akanionyesha ratiba. Kulikuwa na Ukaguzi wa Kuonekana, Ukaguzi wa Nia, Ukaguzi wa Majuto, na mingine, jumla saba, kila wiki mbili. Yote ingefanyiwa nyumbani kwangu kwa sababu, kwa maneno ya Bwana Nzioki, tabia ya mtu hukaa nyumbani, na ikitoka huvaa nguo za kutokea. Niliona huo ni ukweli. Na kwa vile mimi nilikuwa wa kwanza Gitothua, Mwenyekiti wa Bodi, Bwana Gachau, angekuja yeye mwenyewe.

Sasa nyinyi mnajua vile tulilelewa. Mgeni hawezi kukaa kwako saa mbili na kuondoka na mate mdomoni. Na mgeni mkubwa humpikii tu, unamfungia na cha kubeba. Kwangu kulikuwa na sufuria mbili na sahani za plastiki. Nikaenda kwa Mama Kui.

Mama Kui ni mtunza vyombo wa chama chetu cha Tujikaze, na Tujikaze imeandikishwa, cheti kiko ukutani kwake. Tuna sahani mia mbili, vijiko mia mbili, na hotpoti kumi na mbili za kuweka chakula kikae moto, na kila kitu kimepigwa nukta mbili za rangi nyekundu ya kucha huko chini ili kisipotelee kwa vyombo vya watu. Mama Kui amefanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Amepeleka vyombo kwa matanga ya watu mia nne na vikarudi vyote, pamoja na kijiko kimoja ambacho hakikuwa chetu. Ana kitabu. Anayetoka na chombo anaweka jina, tarehe na sahihi, awe padri awe nani. Na kwa sababu hotpoti haziendi mahali bila yeye, siku ya kwanza, tarehe tano Februari, alikuja nazo akaketi jikoni kwangu na kitabu mapajani.

Bodi ilikagua. Mwenyekiti Gachau alikula mapaja mawili na chapati tano, akauliza swali moja, "Hii nyumba ina choo ndani?", nikajibu ndiyo. Bwana Nzioki akaandika. Walipomaliza, Mwenyekiti akatazama hotpoti iliyokuwa bado na kuku nusu.

"Hii itabidi iende Thika," akasema. "Kama sampuli."

"Sampuli ya nini, Mwenyekiti?"

"Ya hali ya maisha ya mkopaji."

Nikaona ni sawa, hata hospitali huchukua. Lakini kabla hajafika mlangoni, Mama Kui alikuwa amesimama hapo.

"Weka sahihi, baba."

"Unajua mimi ni nani?"

"Ndiyo maana nataka uandike."

Mwenyekiti Gachau hajawahi kukutana na karatasi ikamshinda. Alipangusa vidole, akaandika jina lote, cheo chote, akapiga sahihi ndefu inayopanda na kushuka. Halafu akatoa mhuri kwa mfuko wa koti, akaupulizia pumzi, akapiga twa! juu ya kitabu cha Tujikaze. Mama Kui alisema hakijawahi kupendeza hivyo.

Ukaguzi wa pili ulienda hivyo hivyo, na hotpoti ya pili ikaenda hivyo hivyo. Wa tatu ulikuwa wa Majuto. Niliketishwa kwa stuli katikati ya sebule, nikaambiwa nijute kwa dakika kumi, Bwana Nzioki akiangalia saa na kuweka alama. Nilipata sita kwa kumi. Nilikuwa naenda vizuri mpaka mtoto wa mpangaji akapita dirishani amevaa gambuti za babake, nikacheka kidogo.

"Umecheka katika dakika ya saba," Bwana Nzioki akanisomea.

"Nilijuta sana ile ya nane na ya tisa."

"Hiyo nimeiona. Ndiyo ukapata sita."

Mwenyekiti alikuwa anakula. Akasema bila kuinua kichwa kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa historia safi tangu azaliwe, ndiyo maana anaweza kutia sahihi, kwa sababu sheria ya Bodi ni moja: mwenye doa hawezi kumsafisha mwenye doa. Hotpoti ya tatu ikaenda Thika.

Kufika ya tano, Mama Kui alianza kunisumbua.

"Mama Mitchell, hotpoti zinaenda hazirudi. Kwani zinaolewa?"

"Ni sampuli."

"Haiya! Sampuli tano? Huyo anakagua ama anaanza hoteli?"

"Labda hajapata cha kuweka ndani." Kwa maana mnajua, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Unaweka hata viazi vitatu.

"Mwambie tutapokea hata hewa," Mama Kui akasema. "Harusi ya kina Mburu iko karibu na nimebaki na hotpoti saba. Wali tutatia kwa kofia?"

Sikusema kitu kwa Mwenyekiti. Niliogopa. Wakati huo madalali walikuwa wamekuja wakaandika nambari kwa rangi nyekundu juu ya geti letu, 30/5, kubwa, hata watoto wakawa wanafanyia hesabu. Barasa aliacha kutengeneza bomba lililokuwa linavuja. Nilimwambia, baba Mitchell, si ufunge hilo bomba. Akasema, "Nimfungie nani?" Akaenda akaketi nje akiangalia ukuta, ule wa chumba cha kwanza, ambao aliujenga mwenyewe na umeinama kidogo upande wa kushoto. Mimi sijawahi kuona mtu akiangalia ukuta namna hiyo.

Ukaguzi wa saba ulifika tarehe thelathini Aprili. Nilipika kuku wa mwisho, yule wa mayai. Mwenyekiti alipangusa mdomo, akasimama, akanipa mkono.

"Mama, umefaulu. Historia yako ni safi."

Nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu, nikaomba barua.

"Barua itatoka baada ya ukaguzi wa nane."

"Mwenyekiti, ratiba inasema saba."

"Saba ni za kukukagua wewe. Wa nane ni wa kukagua zile saba. Ukaguzi wa Ukaguzi. Ni mwezi wa saba."

"Na mnada ni mwezi huu unaoingia!"

"Mama, usichanganye mambo. Bodi haishughuliki na nyumba, inashughulika na historia. Kufika mwezi wa saba utakuwa na historia safi kuliko mtu yeyote hapa Gitothua."

"Na nitakaa nayo wapi?"

Alifikiria kidogo, sitamsingizia. Kisha akasema swali hilo ni zuri, nililete kwa maandishi. Akaweka sahihi kwa kitabu, akapiga mhuri, akaenda na hotpoti ya saba.

Niliketi jikoni na zile karatasi zote za Bodi. Nilikuwa natafuta mahali pa kuandika swali langu, na mimi karatasi naisoma kwa kidole, neno kwa neno, mbele na nyuma. Huko nyuma kabisa, kwa herufi ndogo kama mbegu za terere, kulikuwa na kifungu cha kumi na tisa. Kilisema mtu yeyote atakayechukua mali ya mwenzake kwa sahihi, iwe ya thamani yoyote, na kukaa nayo zaidi ya siku tisini, ataandikwa kuwa mwenye doa. Kilisema jina lake laweza kuletwa na kampuni, sako, ama chama chochote kilichoandikishwa.

Nilikisoma mara tatu. Halafu nikatoka na kidole bado kiko juu ya karatasi nikaenda kwa Mama Kui.

Alisoma. Akafungua kitabu, akahesabu kwa kalenda. "Hotpoti ya kwanza, tarehe tano Februari. Siku tisini zinaisha tarehe sita Mei." Akafunga kitabu pole pole. "Tarehe saba tunaenda Thika. Vaa ile sare ya chama."

Tarehe saba Mei tulikuwa mbele ya dirisha la kupokea fomu. Dirishani alikuwa msichana anaitwa Bridget. Tulimpa fomu imejazwa, cheti cha Tujikaze, na nakala ya kitabu yenye sahihi na mhuri. Bridget aligeuza karatasi moja baada ya nyingine, macho yakawa makubwa.

"Kwani kuna shida?" nikauliza.

"Hapana. Ni vile fomu yenu imekamilika. Nimefanya hapa miaka miwili na sijawahi kuona moja." Akaita mwenzake aje aone. Akaingiza jina kwa kompyuta bila hata kulisoma, akatupatia risiti, akatutakia siku njema.

Siku kumi na mbili hakukuwa na neno. Tarehe kumi na tisa, Jumatatu asubuhi, gari likasimama getini, karibu na ile nambari nyekundu. Bwana Gachau akashuka. Bwana Nzioki alikuwa nyuma yake amebeba hotpoti sita, moja juu ya nyingine, mpaka kidevuni.

Kumbe hata Mwenyekiti ana nyumba ya mkopo. Iko Thika, ya orofa, na yeye pia alikuwa anahamisha mkopo wake kwa riba nafuu, tena kwa Paa Moja Sako. Ijumaa aliketi mbele ya yule msichana wa kaunta. Msichana akabonyeza, akamtazama kwa huruma. Bwana Nzioki ndiye alinisimulia baadaye, na sauti yake ilikuwa imejaa majonzi, kwa sababu tangu siku hiyo hakuna karatasi ya Bodi iliyoweza kutiwa sahihi, na likizo yake mwenyewe ilikuwa kati ya hizo karatasi.

"Mama Mitchell," Bwana Gachau akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita jina. "Kuna kosa dogo limetokea kwa mtambo."

Mama Kui akatokea jikoni. Akapokea hotpoti ya juu, akafungua kifuniko.

"Imekuja tupu?"

"Mama, nimerudisha. Deni limeisha."

"Deni limeisha, ndiyo," nikamwambia, na nilimwambia kwa upole, vile niliambiwa. "Historia ndiyo imebaki."

Aliangalia hotpoti mkononi mwa Mama Kui. Bomba lililokuwa linavuja likasikika vizuri.

"Mnataka nini?"

"Sisi hatutaki kitu," Mama Kui akasema. "Ni utaratibu. Tunakuja kukagua nyumbani kwako. Tabia hukaa nyumbani. Chama hukutana Jumanne, kwa hivyo kesho tutalijadili, na Jumanne ya pili tunakuja. Na hizi ni sita, baba. Ya saba iko wapi?"

Bwana Gachau akatazama viatu. "Ilienda Nairobi. Kwa mkubwa wangu."

"Kufanya nini?"

"Kama sampuli."

Jumanne, tarehe ishirini na saba, tulienda Thika wanawake kumi na wanane, na sare. Nyumba ni nzuri. Ina choo ndani, vitatu. Mama Gachau alikuwa amepika tangu asubuhi, na sitaki kusema uongo, chapati zake ni laini kuliko zangu. Mama Kui alimketisha Bwana Gachau kwa stuli, akafungua kitabu, akamwambia ajute dakika kumi. Tulikula huku tukimwangalia. Alijuta vizuri, jasho lilimtoka, lakini kufika dakika ya saba simu yake ikalia akaiangalia. Tukampa sita kwa kumi, na tukabeba sampuli kidogo za kuku kutoka kwa bibi yake. Tulimwekea sahihi.

Jumatano saa tano kamili, barua ya Tujikaze ya kumwondolea doa iliingizwa dirishani kwa Bridget. Ilikuwa imekamilika. Saa tano na dakika nne, Bwana Gachau alitia sahihi ya kwanza tangu Ijumaa ile, na ilikuwa juu ya barua yangu. Ule Ukaguzi wa Ukaguzi? Alisema Bodi imeusoma tena ule utaratibu na kuona kwamba ni saba. Nilimshukuru. Mhuri uligonga twa! nikasikia mpaka kwa magoti.

Alhamisi Paa Moja ikalipa Jiwe la Pembeni, na deni letu likahamia kwao. Ijumaa tarehe thelathini madalali walikuja na spika na kipaza sauti, wakasoma karatasi mara mbili, wakaomba maji ya kunywa. Barasa aliwaletea. Halafu akachukua spana akaenda kufunga bomba.

Kwa hivyo mama, usiwaachie watoto simu Jumapili, na kitu chako kisitoke bila sahihi ya mtu, hata awe mkubwa vipi. Wakubwa ndio hupenda sana kutia sahihi. Soma nyuma ya karatasi.

Na hotpoti ya saba bado iko Nairobi. Bwana Gachau humpigia mkubwa wake simu kila wiki kuiuliza, na anaambiwa inashughulikiwa. Lakini sahihi iliyo kitabuni ni ya Gachau, na ni ya tarehe thelathini Aprili. Juzi alimpigia Mama Kui akamsihi, amwongezee muda. Mama Kui akamwambia asiwe na wasiwasi, Tujikaze haina haraka na mtu. Siku tisini zinaisha mwezi wa saba, na si mwezi huo aliupanga yeye mwenyewe, wa Ukaguzi wa Ukaguzi.